Kazi ya nguvu peke inapandishaka mutu? Benye mulitoka chini munisaidie

MwanaKatuba

Jambo yenu bote humu ndani. Nakuya na swali na naomba munijibu kweli, ata kama inauma.

Miye ni mutoto wa Katuba, wa kwanza mu nyumba, niko na miaka 26. Baba alikuwaka mutumikaji wa Gécamines, sosiete ya Leta ya mine, alitokaka na benzake mu ile departi volonteri ya 2003, miye nilikuwa ningali mudogo sana, na ile feza balimupatia iliisha mbele nianze masomo. Sasa baba hayuko tena, kuko mama na badogo bangu bane. Nilisoma humanite teknike, mekanike jenerale, diplome ya Leta nilipata, nikajiandikisha UNILU, iniversite ya Lubumbashi, lakini fre ya akademike ilinishinda, nikaachia mu mwaka wa kwanza.

Tangu pale niko napakua bisaka bya unga ku depo moja karibu na soko ya Kenya. Kamio inatoka Kasumbalesa, inafika usiku ao asubui, siye tunapakua, banatulipa kwa kila saka. Kazi siogopi, saa kumi na moja ya asubui niko pale mbele ata patro afungue mulango. Lakini miaka inapita na niko paka pale pale. Feza inaingia asubui, magaribi haiko: unga ya nyumba, mafuta, masomo ya mudogo, dawa ya mama, lokasio. Mwisho wa mwezi sina kitu ya kuonyesha.

Karibu na kwetu kuko atelye ya sudire, kuunganisha chuma na moto. Mwenye atelye ananijua, alisema nikuye nijifunze, lakini mwaka wa kwanza hakuna mushahara, paka chakula ya midi. Njo hapo kichwa inazunguka. Nikienda, nani atalisha nyumba? Nikibakia ku depo, miaka 10 ijayo nitakuwa paka mubeba saka mwenye mugongo ilishaisha.

Kila siku nasikiaka batu banasema tumika nguvu utapanda. Miye natumika. Benye mulipanda kweli, kitu gani njo ilibadirisha? Na ile wakati mulikuwa munajifunza, nyumba yenu ilikuwa inakula nini?

---

Dada_Kampemba

Kuraje kaka. Ile swali yako ya mwisho njo swali yenyewe. Batu banapendaka kueleza namna balipanda lakini hawaseme nani alikuwa analipa lokasio saa beye banasoma. Na miye nangojea majibu, kaka yangu anapita paka mu hiyo hiyo.

---

Sudire_Ruashi

Mudogo, nilisoma yako nikaona lazima nijibu, juu miye nilitoka paka hapo, kwangu haikuwa unga, ilikuwa makala, tulikuwa tunashusha mifuko ya makala ku Ruashi. Leo nasudire tuyo (mabomba ya chuma) mu shantye za mine, niko na nyumba, batoto banasoma. Nakuelezea juu ujue njia ilipita wapi.

Kwanza ujue sudire haina kazi moja. Kuko sudire ya antivole (chuma za dirisha) na portaye (mulango ya lupango), ile unaona ku kila kona ya site, poste (mashini ya kusudire) ndogo, bagete (kijiti cha chuma chenye kinayeyuka) ya namba 6013, unaunganisha, unapaka rangi, basi. Ile inalisha, lakini atelye ziko mingi na mteja anavuta bei mupaka unabakia na feza ya bagete peke. Kiisha kuko sudire ya sharpante (mifupa ya chuma ya manyumba) na ya matanki, pale banaombaka bagete ya 7018. Ile bagete haipendi maji ata ile ya mu hewa, inakaaka mu furu yenye joto kupita digri 100, ukiitoa ukaiacha juu ya meza asubui muzima mu wakati wa mvua, sudire inaweza kupata bitundu ndani, ao kupasuka kiisha siku, na macho haikuonyeshe kitu. Kiisha kuko tuyo, na ku tuyo njo feza iko.

Test ya tuyo nakuelezea muzuri juu ile njo ilibadirisha maisha yangu. Banaiitaka 6G. Banakamata tuyo mbili, banaziweka zimeinama digri 45, banazifunga pale, haziruhusiwi kugeuka, weye njo unazunguka. Unaanza chini kabisa, kichwa iko karibu na sima, mukono moja inashika torshi ya TIG (sudire yenye gazi ya argoni), ingine inalisha waya, na macho iko paka ku katundu kamoja kadogo pale chuma mbili zinaachana. Kale katundu kakifunga, sudire haikuingia mupaka ndani. Kakifunguka sana, chuma inaanguka. Unakatunza kakae vile vile na unapanda nako polepole, chini, pembeni, juu, na kila pahali mukono inabadirika juu chuma yenye imeyeyuka inataka kushuka. Ukimaliza, banapiga sudire yako radio (foto ya kuona ndani), ao banaikata bipande na kuvikunja mu presi baone kama itapasuka. Pale hakuna mutoto wa fulani. Ikipasuka unarudia, isipopasuka unapewa karatasi.

Sasa sikia. Kupakua saka ni kazi ya nguvu. Kusudire tuyo ni kazi ya nguvu. Tofauti ni hii, saka yako kila kijana mwenye afya anaweza kuibeba kesho kama weye ukigonjwa, na patro anajua. Mutu wa 6G patro atazunguka mitaa yote amutafute. Patro analipaka kile anashindwa kupata. Kwa hiyo usiniulize kama nguvu inapandisha, jiulize ile nguvu yako unaiweka mu kazi gani.

Swali ya nyumba. Makala sikuiacha. Kamio zilikuwa zinafika alfajiri, nashusha mupaka saa tatu, nanawa, naenda atelye. Mwenye atelye nilimuambia toka mwanzo, "Mukubwa, asubui nitakuwa nafika nyuma ya benzangu, lakini magaribi nitafunga miye, nitafagia miye, kila kitu itarudi pahali pake." Alikubali, juu kila mwenye atelye iko na shida ya mutu mwaminifu wa kufunga. Na kufunga kulikuwa na faida, saa benzangu balienda, patro hayuko, kuran (umeme) ikirudi, nilikuwa naokota bile bipande bifupi bya bagete batu banatupa na chuma za kutupa, naunganisha, nakata na mele (mashini ya kukata chuma), naangalia ndani, naunganisha tena. Hakuna mutu aliniuzia ile masomo.

Kiisha nikaenda INPP. INPP, masomo ya kufundisha kazi za mukono, iko tangu 1964, ni ya Leta, hapa Lubumbashi banafundishaka sudire, mekanike ya gari, elektrisite, frigo, na kuko mafunzo ya miezi michache. Kule njo nilishika TIG mara ya kwanza, juu mu atelye ya mutaa gazi ya argoni iko bei mukali. Na weye uko na kitu miye sikuwa nayo: mekanike jenerale. Unajua kusoma plani. Basudere bengi mu site bako na mukono muzuri sana lakini ukibapa plani banakurudishia. Ile diplome usiiweke mu sanduku.

Kitu ingine, ile karatasi ya test haikai milele. Kanuni ya ASME (chama ya bainjenieri ya Amerika) yenye sosiete mingi inafwata inasema ukikaa miezi 6 bila kusudire na ile njia ulipitia test, inakufa, unarudia test. Kwa hiyo ata ukifika, unaendelea kutumika.

---

MamaUnga_Kasu

Mwanangu, miye ni mama wa unga, labda saka yangu ulishaka kuibeba mbele hatujuani. Nilianza na beseni moja ku barabara, nauzisha kwa kopo, mutoto mu mugongo. Leo niko na depo yangu na nalipa batu. Nakujibu upande wa feza, juu ya chuma yaya amesha kukuelezea na alieleza muzuri.

Umesema feza inaingia asubui magaribi haiko. Mwanangu, ile feza yote iko na jina moja tu, nyumba. Lazima kamoja kakuwe na jina ingine mbele kafike nyumbani. Kidogo sana, ata kama ni ya saka moja kwa siku. Ile saka moja usiihesabu, jiambie leo nilipakua moja kidogo. Na hailale mu nyumba. Feza ikilala mu nyumba mutoto atagonjwa, shemeji atapita, kilio kitakuya, na huwezi kumunyima mutu wakati mufuko iko na kitu. Ingia likelemba, ile ya kuchanga feza na kupokea kwa zamu, na batu ya depo benye unajua, benye mushahara wao unatoka pamoja na wako, watano ao sita batoshe, isiwe batu 20 benye haujue kwao. Zamu yako ikifika hautakunywa, hautanunua telefone, unalipa INPP, unanunua maske. Na omba zamu ya katikati, si ya kwanza. Mutu wa zamu ya kwanza anakula kisha analipa na uchungu, na wa mwisho anaweza kukuta wengine balishakimbia.

Usikamate banki lamberi, ile mikopo ya riba kali. Nakusihi. Unachukua 100, mwisho wa mwezi banakuomba 130 ao 150, na ukikosa inapanda tena. Niliona bamama ya nguvu, bamama banaamuka saa tisa ya usiku, banatumikia banki lamberi miaka na miaka.

Miye kitu iliniokoa ni kutenga. Feza ya biashara na feza ya kula, bifuko bibili, na ile ya biashara ata mume wangu hakujua inalala wapi, na mume wangu alikuwa mutu muzuri. 2024 ukame ulipiga Zambia, mahindi ikakosekana kule, na siye hapa unga yetu mingi inatokaka kule, bei ikaruka, benzangu bengi bakala mutaji bakafunga. Miye mufuko wa kula uliisha, tulikula muhogo, tulikula mara moja kwa siku, lakini mutaji sikuugusa. Ile mwaka batoto bangu balilia na nilibaacha balie. Inaniuma mupaka leo, lakini depo iko.

Na jambo ya mwisho. Kaa chini na mama yako. Usimufiche. Muambie mama, nataka mwaka moja, mu ile mwaka nitaleta nusu ya kile naleta leo, kiisha itakuwa mingi. Badogo bane, mukubwa wao iko na miaka ngapi? Mama hawezi kuuzisha makala kwa kopo pale mulangoni? Mutoto wa kwanza anabebaka nyumba peke yake juu hakuna mutu alimuuliza mwingine abebe naye. Uliza.

---

Komptable_Kasapa

Yaya Sudire na mama Unga, yote mulisema ni kweli na sina ya kupinga mu ile. Lakini naomba niseme upande ingine, juu huyu mudogo asikuye kujilaumu bure.

Simama asubui ku barabara ya Kasenga ao ya Likasi uangalie bale baba banasukuma kinga (baiskeli) ya makala. Mifuko imepanda juu ya kinga mupaka haumuone mutu, anasukuma na kifua, kilometa makumi, mu mvua, mu jua. Nani mu hii muji anatumika nguvu kubashinda? Kama nguvu peke ilikuwa inapandisha, bale njo bangekuwa na nyumba za Golf. Haiko vile.

Na baba yako, mudogo. Ile 2003 batu zaidi ya 10,000 balitoka Gécamines mu ile programu yenye Banki ya Dunia ilisaidia kulipa. Bale batu balikuwa bavivu? Balikuwa bafundi bakubwa, batu ya furu, ya treni, ya laboratware. Kampuni njo ilikuwa imeanguka. Mu miaka ya 80 ilikuwa inatoa shaba kupita tani 400,000 kwa mwaka, 1990 mine ya Kamoto ikabomoka, mu katikati ya miaka ya 90 ilikuwa chini ya tani 50,000. Baba yako alikuwa anatumika ile nguvu moja, mbele na nyuma. Kitu iliyobadirika haikuwa mukono yake. Naomba ukumbuke ile wakati mutu anakuambia masikini ni mutu asiyetumika.

Kwa hiyo nguvu inaomba mulango. Nguvu bila mulango ni kuchoka tu. Na milango iko, lakini iko ya karatasi, na batu yetu banaogopa karatasi. Kuko sheria ya tarehe 8 Februari 2017, ya sutretansi, ile kazi sosiete inapatia kampuni ingine iifanye. Inasema kazi ya sutretansi mu masosiete makubwa, mine ndani, iwe ya kampuni yenye mutaji wake mwingi ni wa Bakongomani na yenye inaongozwa na Bakongomani. Ile sheria haifwatwe siku zote, tunajua, lakini iko, na kuko ofisi ya Leta ya kuichunga, ARSP. Niliona bakijana batatu banne, musudere, mupentre, elektrisiye, balijiunga bakafungua kampuni ndogo, leo bako na kontra. Niliona tena basudere bazuri kupita bale, peke yao, bila RCCM (namba ya kuandikisha biashara), bila namba ya impo (kodi), na shefu wa shantye anabalipa kwa siku sawa babeba saka, juu hana namna ya kupokea faktire yao. Ku Gishe Inike, biro ya Leta ya kufungulia kampuni, ile yote inafanyikia pahali pamoja. Kongo iko mu OHADA, inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na mu OHADA kuko namna ya mutu mudogo, entreprenan, yenye inaombwa karatasi kidogo tu. Si ya leo kwako, lakini uijue toka leo.

Miye? Nilikuwa nalinda nyumba usiku kwa mutu, muchana naenda Kasapa, ku UNILU. Pale mulangoni kulikuwa na taa, na nyumba ilikuwa na jenereta, kwa hiyo kuran ikikatika mu muji muzima miye nilikuwa na mwangaza wa kusoma. Wenzangu wenye baba zao walikuwa na feza balikuwa banasoma na bujia. Nilikula usingizi mu basi. Kazi ya kwanza nilipata juu mwenye ile nyumba aliniona na makitabu ya komptabilite usiku moja akaniuliza swali ya faktire, nikamujibu. Nilikuwa nimesoma, ni kweli. Lakini pia alipita pale. Yote mbili ilikuwa lazima.

---

Sudire_Ruashi

Komptable, ya makala umesema kweli na imenigusa, juu bale bashushaji benzangu, bengine bangali pale pale mupaka leo na hawakuwa bavivu kunishinda. Naongeza kimoja tu. Mulango ilinifungukia juu mwenye atelye alikuwa mutu muzuri. Kuko ba mwenye atelye banakamata kijana miaka mine, banamutuma kununua bagete na kuosha gari, poste hamugusishi. Nilipita kwa moja wa vile mbele. Mudogo, ku wiki za kwanza angalia kitu kimoja: anakupa poste mu mukono ao hapana? Kama mwezi wa pili ungali unafagia tu, toka.

Na sosiete ndogo za sutretansi, zingine zinatumikisha mutu kiisha hazilipe. Kuko moja ilikulaka feza yangu ya shantye nzima mupaka leo. Tangu pale mbele niwashe poste naomba karatasi yenye siku, bei na sinyature. Bakikataa naenda.

---

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni muuguzi, nasoma tu humu siandikake sana. Nilisoma ISTM, masomo ya juu ya bauguzi, hapa Lubumbashi na feza ya vitumbula. Nilikuwa nakaanga saa kumi ya usiku, mudogo wangu wa kike anauzisha ku mulango wa masomo ya primere, na miye naenda stazhe na harufu ya mafuta mu nywele. Kuhusu fre, kaka, miye nilienda mwenyewe biro ya ile masomo mbele baanze kufukuza batu, nikasema nitalipa transhi kwa transhi, na kila nikipata nalipa kidogo nakamata bordero (karatasi ya malipo). Batu bengi banajificha mupaka siku ya ekzame, njo banafukuzwa. Mutu mwenye alipita mbele na bordero mu mukono banamuangaliaka tofauti. UNILU uliachia mwaka wa kwanza, sisemi urudi sasa, lakini mulango ile haijafungwa.

Na naongeza kwa Komptable. Diplome nilipata, hospitali nikaingia, na miaka ya kwanza Leta haikuwa inanilipa, nilikuwa ile banaitaka nuvele inite, jina haiko ku liste ya mushahara, paka prime ndogo ya hospitali kama imepatikana. Bauguzi na balimu bengi bako vile mupaka leo. Vitumbula viliendelea. Leo nasimamia servise ya materinite, na nikiona stazhiere anasinzia saa mbili ya asubui simugombeze mbele nimuulize alilala saa ngapi na juu ya nini.

---

MwanaKatuba

Bayaya, mama, dada, sijuwi niseme nini. Nilisoma yote usiku, asubui nikasomea mama. Pale mama Unga alisema ya batoto kulia, mama yangu alinyamaza, kiisha akasema "huyu mama anajua". Ya Komptable juu ya baba pia nilimusomea. Alisema hakuna mutu alisha kumuambia vile, kwamba haikuwa kosa ya baba.

Tuliongea bote. Mudogo wangu wa kufwata iko na miaka 19, yeye mwenyewe alisema ataingia ku depo pahali pangu kwa kamio za magaribi. Mama ataanza makala kwa kopo. Patro wa depo nilimuomba nipakue paka za alfajiri mupaka saa tatu, aliguna, kiisha akakubali juu alisema miye sichelewe. Mwenye atelye nilimuambia ile maneno ya yaya, kwamba nitafunga magaribi. Alicheka akasema nani alikufundisha hii. Likelemba tuko batu batano, zamu yangu ni ya tatu.

Yaya Sudire, swali moja. Atelye iko na maske moja na batu batatu. Mwenye atelye anasema mwanzo nitumie lunete ya jua nyeusi, ni sawa?

---

Sudire_Ruashi

Hapana! Lunete ya jua usiguse. Muchana hautasikia kitu, usiku macho itakuwa sawa imejaa mchanga na hautaifungua ku depo asubui. Maske njo kitu ya kwanza utanunua, mbele ya INPP, na mbele zamu ya likelemba ifike kopa mu ile saka yako moja ya kila siku. Omba kioo ya namba 10 ao 11, kwa bagete ya 2.5 na ya 3.2 inatosha, na kioo cheupe cha kinga mbele yake, ile bei yake ni ndogo, ikijaa madoa unabadirisha. Kama haujapata maske, simama nyuma, shika chuma, kata, lima, pima, lakini usiangalie moto.

Nguo ya pamba, si nailoni, nailoni inashika ku ngozi. Kiatu ya ngozi yenye imefunika, suruali ianguke juu ya kiatu, isiingie ndani. Ikifika chuma ya galva (yenye imepakwa zinki), toka inje ao fungua milango yote, ule moshi mweupe unaleta homa usiku, na ile mambo ya kunywa maziwa kiisha haisaidie kitu. Mele usitoe karte yake (kifuniko cha kinga) ata kama umeona bakubwa banatoa.

Na ile diplome yako, piga fotokopi, peleka ku INPP wiki hii uulize sesio ya sudire inaanza lini na transhi yao iko namna gani. Bakikuuliza unajua nini, sema mekanike jenerale, plani unasoma. Kiisha kuya uniandikie balijibu nini.